Maisha ya Bwana John Bell, Aliyetengeneza Mizani ya Kupimia Swali

Leo twapenda kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake ni kubwa sana kati ya wenye elimu ya fizikia po pote duniani, lakini huku kwetu Marangu ni wachache waliolisikia. Jina lake ni John Stewart Bell. Alikufa mwaka 1990, wala hakupata kuona heshima yote iliyotokana na kazi yake. Twaandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wetu wasomao shule za sekondari hurudi nyumbani na maneno mapya, wakisema ya kuwa chembe mbili zaweza kufungamana hata zikiwa mbalimbali, na wazazi hawajui wawajibu nini. Pili, maisha ya mtu huyu yaonyesha jinsi swali lililodharauliwa na wengi lilivyotunzwa na mtu mmoja mvumilivu, hata likazaa matunda.

John Bell alizaliwa tarehe 28 Juni mwaka 1928 katika mji wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Wazazi wake, Bwana John na Bibi Annie, walikuwa watu wa kazi, wasio na mali. Baba yake aliacha shule angali mtoto, akafanya biashara ya farasi na kazi nyingine. Watoto walikuwa wanne, msichana mmoja na wavulana watatu, na John alikuwa wa pili. Siku zile desturi ya watu wa hali yao ilikuwa mtoto kutoka shuleni akifika umri wa miaka 14, aende kutafuta riziki. Dada yake na ndugu zake walitoka vivyo hivyo. Lakini mama yao aliithamini elimu. Aliona ya kuwa mtu aliyesoma aweza kuvaa nguo zake za Jumapili siku zote za juma. Kijana John alipenda vitabu mno, na alipokuwa na umri wa miaka 11 alimwambia mama yake kwamba anataka kuwa mtu wa sayansi. Basi zikatafutwa fedha za kumsomesha mmoja tu, naye akapelekwa katika shule ya ufundi ya Belfast, kwa maana shule nyingine zilikuwa za gharama kubwa. Wasomaji wetu ambao walisomeshwa kwa kahawa ya kihamba kimoja, huku ndugu zao wakibaki nyumbani, wataelewa mzigo aliouchukua kijana huyu.

Alipomaliza shule mwaka 1944 alikuwa na miaka 16, na Chuo Kikuu hakikupokea wanafunzi wadogo hivyo. Akatafuta kazi huku na huku, akakataliwa. Mwisho akapata kazi ya kusaidia katika chumba cha majaribio cha Chuo Kikuu cha Queen's, pale pale Belfast: kutayarisha vyombo na kuviweka mahali pake. Walimu wawili wa chuo hicho, Profesa Emeleus na Daktari Sloane, walimwona ya kuwa ana kiu ya kujua. Wakampa vitabu vya kusoma, wakamruhusu kusikiliza mafundisho ya mwaka wa kwanza pamoja na wanafunzi wenyewe. Mwaka 1945 akaingia kuwa mwanafunzi kamili, akipata shahada ya kwanza mwaka 1948, na ya pili mwaka 1949. Hivyo mtumishi wa vyombo akawa mtaalamu, kwa kuwa watu wawili waliokuwa juu yake hawakuona haya kumpa nafasi.

Katika masomo hayo ndipo swali lake lilipozaliwa. Yafaa tueleze kidogo. Tangu mwanzo wa karne ya 20 wataalamu walikuwa wamegundua ya kuwa vitu vidogo sana, kama elektroni na chembe za mwanga, havifuati kanuni za jiwe litupwalo au maji yapitayo katika mfereji. Wakatunga elimu mpya iitwayo kwanta. Elimu hiyo haisemi chembe itafanya nini hasa. Husema tu ni mara ngapi katika mia itafanya hivi, na mara ngapi itafanya vile. Hesabu zake ni sahihi ajabu. Lakini mtu akiuliza chembe ina hali gani kabla haijapimwa, wakubwa wa elimu hiyo, na hasa Profesa Niels Bohr wa Denmark, walifundisha ya kuwa swali hilo halina maana. Kijana Bell hakuridhika. Alibishana na mwalimu wake Sloane hata mwalimu akakasirishwa na ukali wake. Alitaka kujua kama ulimwengu una hali yake wenyewe, au kama hali hutokea tu mtu atazamapo.

Wala hakuwa wa kwanza kuuliza. Mwaka 1935 Profesa Albert Einstein, pamoja na wenzake Podolsky na Rosen, aliandika habari ya chembe mbili zilizokutana kisha zikaachana. Elimu ya kwanta yasema ya kuwa chembe hizo, hata zikienda mbali sana, hazihesabiwi tena kuwa mbili zenye hali zake mbili. Jozi nzima huwa na hali moja. Ukiipima moja, papo hapo wajua jambo la nyingine. Mwaka ule ule Profesa Erwin Schrödinger akalipa jambo hili jina, akaliita kufungamana kwa chembe. Akaonyesha ajabu yake: mtu aweza kuijua jozi kwa ukamilifu wote unaowezekana, na huku asijue lo lote la hakika juu ya kila mmoja wa wale wawili.

Einstein alisema ya kuwa lazima kuna jambo lililofichika. Tufanye mfano. Mtu wa Marangu achukua jozi ya viatu, atia kimoja katika sanduku na kingine katika sanduku la pili, bila kutazama. Sanduku moja laenda Arusha, jingine laenda Tanga. Yule wa Arusha akifungua na kuona kiatu cha kushoto, mara ile ajua ya kuwa cha Tanga ni cha kulia. Hakuna ajabu hapo, wala hakuna habari iliyoruka njiani. Viatu vilikuwa vya kushoto na vya kulia tangu Marangu. Einstein aliona ya kuwa chembe nazo ni hivyo: zachukua majibu yake tangu mwanzo, ila elimu yetu ni pungufu. Bohr akakataa. Wazee hawa wawili walibishana miaka mingi, na watu wakadhani ya kuwa mashindano yao ni ya maneno tu, ambayo hakuna awezaye kuyapima. Tena Profesa von Neumann alikuwa ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1932 hesabu iliyoonekana kuthibitisha ya kuwa mambo yaliyofichika hayawezi kuwako kabisa. Mwanamke mmoja Mjerumani, Bibi Grete Hermann, alionyesha kosa la hesabu hiyo mwaka 1935, lakini hakusikilizwa. Jina la von Neumann lilitosha kufunga mlango.

Turudi kwa Bwana Bell. Mwaka 1949 alipata kazi ya serikali ya Uingereza, katika utafiti wa nguvu za atomi huko Harwell na Malvern. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu za mitambo ikimbizayo chembe kwa mwendo mkali. Huko akakutana na Bibi Mary Ross, Mskoti, mtaalamu kama yeye, wakaoana mwaka 1954. Walifanya kazi kwa kushirikiana maisha yao yote. Mwaka 1952 alisoma maandiko ya Bwana David Bohm, ambaye alikuwa ametunga njia ya kuieleza kwanta kwa mambo yaliyofichika, yaani lile lililosemwa kuwa haliwezekani. Bell akafahamu ya kuwa hesabu ya von Neumann ina kasoro mahali fulani. Lakini alikuwa na kazi ya kumpatia chakula, akaliweka swali lake moyoni.

Mwaka 1960 Bwana Bell na Bibi Mary walihamia Geneva, nchi ya Uswisi, wakaajiriwa katika CERN, kituo kikubwa cha mataifa ya Ulaya cha kuchunguza chembe. Kazi yake ya kila siku huko aliifanya kwa uaminifu, na katika kazi hiyo peke yake angalikuwa mtu wa sifa. Mwaka 1969, pamoja na Bwana Roman Jackiw, alieleza fumbo la pioni. Pioni si chembe moja tupu. Imeundwa kwa chembe ndogo zaidi, kwaki na mwenzi wake aliye kinyume chake. Pioni isiyo na umeme huvunjika ikatoa miale miwili ya mwanga, na kwa hesabu za zamani ilionekana kana kwamba haipaswi kuvunjika hivyo. Wao wakaonyesha sababu. Lakini swali la ujana wake hakulishughulikia saa za kazi. Alilishughulikia saa zake mwenyewe.

Mwaka 1963 alipata likizo, akaenda Marekani pamoja na mkewe kukaa katika vyuo mbalimbali. Huko, akiwa mbali na shughuli za Geneva, akaandika maandiko mawili. La kwanza lilionyesha kasoro ya hesabu ya von Neumann. La pili, lenye kurasa sita tu, ndilo lililomfanya ajulikane. Ndani yake alitengeneza mizani. Einstein alikuwa amekufa mwaka 1955, na Bohr mwaka 1962. Wote wawili hawakuiona.

Mizani hiyo tutaieleza kwa mfano. Mfano wenyewe si hesabu yake aliyoiandika, bali maana ni moja. Fikirini ndugu wawili walioitwa mbele ya wazee wa baraza. Wazee wanawatia katika nyumba mbili zilizo mbali, wasipate kusikizana. Kila siku mmoja mmoja huulizwa swali moja kati ya matatu, nalo huchaguliwa kwa kura: Je, mvua ilinyesha? Je, mlango ulikuwa wazi? Je, mbwa alibweka? Nao hujibu ndiyo au siyo, basi. Wazee wanaona ya kuwa kila mara ndugu hao waulizwapo swali lile lile, majibu yao ni sawa, hawakosi hata mara moja. Bila shaka wazee watasema: watu hawa walipatana kabla ya kuja, wakaweka jibu la kila swali.

Vema. Lakini maswali ni matatu, na aina za majibu ni mbili tu. Kwa hiyo, wapatane wapatavyo, hapana budi maswali mawili kati ya matatu yawe na jibu la namna moja. Kwa sababu hiyo, wazee wakiwauliza maswali mbalimbali, huyu hili na yule lile, majibu yao yatalingana walau mara moja katika tatu, siku zikiwa nyingi. Wakibadili mapatano yao kila asubuhi, bado hawawezi kushuka chini ya theluthi. Sasa tazameni ajabu: elimu ya kwanta yasema ya kuwa ziko jozi za chembe ambazo, zikiulizwa swali moja, hulingana daima, lakini zikiulizwa maswali mbalimbali, hulingana mara moja katika nne tu. Robo ni chini ya theluthi. Basi kama kwanta ni kweli, chembe hizo hazikupatana njiani kama wale ndugu, wala si kama viatu katika sanduku. Na kama Einstein ni kweli, robo haitaonekana kamwe. Mabishano ya miaka 30 yakageuka kuwa jambo la kuhesabu.

Maandiko hayo hayakupokewa kwa shangwe. Lile la kwanza lilichelewa mpaka mwaka 1966, kwa kuwa barua yake ilipotea katika ofisi ya gazeti la wataalamu. La pili alilipeleka katika gazeti jipya lililotoka mwaka 1964, maana magazeti mengine yalitoza fedha kwa kila ukurasa, naye aliona haya kuwaomba wenyeji wake wamlipie. Gazeti hilo likafa mwaka 1968. Miaka kadhaa ikapita, karibu hakuna aliyemwandikia. Wengi waliona ya kuwa kijana akishughulika na maswali ya namna hiyo ataharibu kazi yake. Bwana Bell mwenyewe aliijua hatari hiyo. Mwaka 1975 Mfaransa mmoja, Bwana Alain Aspect, alipokwenda Geneva kumweleza jinsi anavyotaka kulijaribu jambo hili, Bell alimwuliza kwanza kama ana kazi ya kudumu. Alipohakikishiwa ya kuwa anayo, ndipo akamtia moyo.

Aliyekuwa wa kwanza kuitumia mizani ni Bwana John Clauser wa Marekani, pamoja na Bwana Stuart Freedman, mwaka 1972. Walitoa jozi za chembe za mwanga katika atomi za kalsiamu, wakazipitisha katika vioo vichujavyo mwanga, wakahesabu. Bwana Aspect na wenzake wakafanya vizuri zaidi huko Orsay, karibu na Paris, miaka ya 1981 na 1982. Vichujio vyao vilitengana kwa kiasi cha mita 12, na katika jaribio la mwisho swali lilibadilishwa chembe zikiwa zingali njiani, zisipate nafasi ya kupashana habari. Matokeo yakawa yale yale: kwanta ilishinda, na dhana ya mapatano ya kabla ikaanguka.

Hapa ndipo tupendapo wasomaji wasimame kidogo. Bwana Bell hakuwa mtu wa upande wa Bohr. Moyo wake ulielekea kwa Einstein. Aliiona fikira yake kuwa ya busara na yenye kueleweka. Mizani aliitengeneza yeye, nayo ikaamua kinyume cha lile alilolipenda. Wala hakuificha, wala hakuipindisha. Aliendelea kusema wazi ya kuwa matokeo ndivyo yalivyo, na ya kuwa sisi bado hatujaelewa vema maana yake. Mwaka 1981 aliandika makala kuwafundisha watu tofauti hiyo, akimtaja rafiki yake Bwana Reinhold Bertlmann, ambaye alizoea kuvaa soksi za rangi mbili: ukiona mguu mmoja, wajua habari ya wa pili. Soksi hazina fumbo. Chembe ndizo zenye fumbo.

Tena yafaa kuonya. Wako watu walichukuao jambo hili na kudai ya kuwa mtu aweza kupeleka habari mbali kwa mara moja, au kumgusa mwenzake aliye mbali kwa fikira, au kuuza dawa kwa jina la kwanta. Haifuati hivyo. Kila mmoja akitazama chembe zake peke yake, huona majibu yasiyo na utaratibu, kama kura. Ulinganifu huonekana tu watu wawili wakutanapo na kulinganisha daftari zao, na daftari hizo haziendi kwa haraka kuliko mwanga. Jambo hili ni la kweli, lakini lina mipaka yake.

Miaka yake ya mwisho heshima zilianza kumjia. Mwaka 1987 kilitoka kitabu kilichokusanya maandiko yake juu ya kwanta, na mwaka 1988 chuo chake cha zamani cha Queen's kilimpa shahada ya heshima, pale alipokuwa akipanga vyombo. Tarehe 1 Oktoba mwaka 1990 akafariki ghafula huko Geneva kwa kuvuja damu katika ubongo, mwenye umri wa miaka 62.

Kazi haikufa pamoja naye. Mwaka 2015, huko Delft nchi ya Uholanzi, mizani yake ilitumiwa kwa chembe zilizotengana kwa kilometa 1.3, na mianya mikubwa iliyosalia ya kukana matokeo ikazibwa kwa pamoja. Mwaka 2022 Bwana Aspect, Bwana Clauser na Bwana Anton Zeilinger wa Austria walipewa tuzo ya Nobel kwa majaribio hayo. Tuzo hiyo haipewi wafu. Na mwaka 2023, katika CERN kule kule alikofanya kazi miaka 30, wataalamu walitangaza ya kuwa wameona kufungamana kati ya kwaki kubwa kuliko zote na mwenzi wake.

Na sisi wa mlima huu tusidhani ya kuwa habari hizi ni za Ulaya tu. Mwaka 1963, wakati Bell alipokuwa akienda Marekani, mwanafunzi wa shule ya Magamba, huko Lushoto, Erasto Mpemba, aliona ya kuwa maziwa yaliyotiwa katika barafu yangali moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliuliza, akachekwa. Hakuacha kuuliza mpaka Profesa Denis Osborne wa Dar es Salaam akalijaribu jambo lake. Mwaka 1969 wawili hao wakalitangaza, na wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapa hapa juu ya Moshi. Juu ya maji yenyewe wataalamu wangali wakibishana. Lakini mwaka 2023 wataalamu wa Italia, wakipiga hesabu za kufungamana kwa chembe, waliona jambo lifananalo: chembe zilizovurugika zaidi hapo mwanzo zaweza kurudi kwenye ulinganifu upesi kuliko zilizovurugika kidogo. Mwaka 2024 likaonekana kwa majaribio huko Austria. Nao wakaliita kwa jina la Mpemba. Hivyo jina la mwanafunzi wa Mweka limo katika vitabu vile vile vyenye jina la Bell.

Basi ninyi mnaofundisha watoto, mwana akileta swali ambalo vitabu havina jibu lake, msimzime kwa jina la mtu mkubwa. Profesa Emeleus na Daktari Sloane walimpa mtumishi wao kitabu. Mwulizeni naye, kwa upole, jambo lake laweza kupimwaje. Kisha mpeni kitabu, na chombo, na nafasi ya kujaribu.